Kiti cha Babu, Shazia ya Bibi

Fundi wa Keko alikizunguka kiti mara mbili, akakibonyeza kwa goti, akataja bei: laki moja na themanini. "Mbao ni nzuri, binti, mvule mtupu. Lakini humo ndani kumeoza." Nilikuwa na elfu sabini, na tarehe ilikuwa ndiyo kwanza kumi na nne. Nikamshukuru, nikaita bajaji, nikarudi na kiti changu hadi kwenye chumba ninachopanga Changanyikeni. Dereva akaniuliza kama nahama. Nikamwambia hapana, namhamisha babu.

Babu yangu alifariki miaka sita iliyopita. Kiti chake kilibaki Korogwe, sebuleni kwa bibi, kikiwa kimefunikwa shuka. Alipokuwa hai, hakuna mtoto aliyethubutu kukikalia. Tulikuwa tukilala kwenye mkeka chini yake, tukimwangalia akisikiliza taarifa ya habari, mikono imelala juu ya mbao mbili pana za pembeni. Baada ya arobaini, baba mdogo alitaka kikatwe kuni. Bibi hakusema lolote. Alikwenda akakaa karibu nacho, mkekani, hadi watu wakatawanyika. Mwaka huu alinipigia simu: "Mke mwenzangu, njoo uchukue kiti cha mume wetu kabla mchwa hawajakirithi."

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia. Darasani tunazungumza sana juu ya kumbukumbu za maandishi, mafaili na barua. Sikutarajia kwamba faili langu gumu kuliko yote lingekuwa na miguu minne.

Nianze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, anayeongoza mkutano ni mwenyekiti: mwenye kiti. Wengine wanasimama au wanakaa chini; yeye anacho. Chuoni kwetu kuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere, nafasi ya kitaaluma iliyoanza mwaka 2008, na Profesa Issa Shivji ndiye aliyekikalia kwanza. Hata katika ngoma za pepo, mtu anayepandwa huitwa kiti, kwa kuwa kuna mkubwa aliyekuja kukaa juu yake. Pwani ya Kaskazini, Lamu, Pate na Siyu, matajiri walikuwa na viti vya enzi: fremu ya mbao nyeusi, egemeo refu lililonyooka, vipande vya mfupa au pembe vilivyochomekwa kama urembo, na kikalio kilichosukwa kwa kamba nyembamba. Mwenye nyumba hakukitumia kwa kunywea chai. Kilimngoja mgeni wa heshima. Ukienda makumbusho ya Lamu utaviona, na utaona pia kwamba si viti vya kustarehe. Vinakulazimisha ukae wima kama mtu anayetazamwa.

Kiti cha babu ni cha ukoo mwingine. Kina mikono mipana ya kuweka gilasi, egemeo lililolala nyuma kidogo, na kikalio kilichojazwa. Umbo hilo lilitapakaa katika nyumba za maofisa wa serikali ya kikoloni, na mameneja wa mashamba waliliiga. Ni kiti cha mtu aliyemaliza kazi za siku, au wa mtu ambaye kazi zake hufanywa na wengine. Nyumbani tuliambiwa kilitoka kwa meneja Mzungu wa shamba la mkonge ambako babu alikuwa karani. "Babu yenu alikuwa karani." Baba alilirudia hilo kila tulipoleta ripoti mbaya ya shule.

Nilianza kazi Jumamosi asubuhi, kibarazani, kwa bisibisi bapa, plaizi na nyundo ya kuazima. Nilikuwa nimeangalia mafundi wa mtaani kwetu kwa siku mbili, na kanuni ya kwanza niliyoichukua kwao ni kutochana kitambaa cha zamani. King'oe msumari kwa msumari, kitunze, maana ndicho kipimo cha kukatia kipya. Kanuni ya pili: weka kila safu pembeni kwa mpangilio ulioitoa, ili ujue kipi kinarudi wapi. Ni kanuni zilezile za waakiolojia, ila wao hawana jirani anayeuliza kama kochi linauzwa.

Safu ya juu ilikuwa kitambaa cha maua ya zambarau, cha enzi ambazo mimi nakumbuka. Chini yake, sponji. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na ilipoguswa ikamung'unyika kama mkate mkavu. Sponji ni kitu kigeni sana katika historia ya viti. Kemia yake ilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, na sponji laini ya kukalia ikaenea duniani baada ya Vita vya Pili. Kabla ya hapo, kila nchi ilijaza viti vyake kwa kilichokuwepo. Ulaya walitumia nywele za farasi na majani makavu. Pwani yetu tulikuwa na usumba, nyuzi za makumbi ya nazi yaliyozikwa ufukweni miezi kadhaa kisha yakapondwa na akina mama. Na kwa mito tulikuwa na sufi, inayodondoka yenyewe kutoka mtini. Sponji ilishinda vyote kwa sababu haihitaji ujuzi. Unakata, unabandika, umemaliza. Kasoro yake ni kwamba huzeeka kwa kugeuka vumbi.

Baada ya sponji nilitarajia kukuta mbao au mikanda. Nikakuta khanga.

Ilikuwa khanga nyekundu, imefifia, imevutwa vizuri na kukunjwa kwenye pembe, na misumari imepigwa kwa nafasi sawasawa. Maandishi yake yalikuwa upande wa ndani, na nusu yameliwa na kutu. Nikaifungua polepole. Chini yake kulikuwa na tabaka nene la nyuzi za rangi ya dhahabu iliyochakaa, zimeshonewa kwenye gunia kwa mishono mirefu iliyopishana, ili zisikimbilie upande mmoja mtu anapokaa. Nyuzi zenyewe nilizijua kwa harufu kabla ya macho. Mtu aliyekulia Korogwe haihitaji maabara. Ilikuwa katani.

Neno katani limetoka Kiarabu, ambako kattan ni kitani, nyuzi za kufumia nguo. Mmea wenyewe, mkonge, ulitoka mbali zaidi. Asili yake ni Mexico, na Wazungu waliuita sisal kwa jina la bandari iliyosafirisha nyuzi zake. Mwaka 1893, Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikishika ardhi huku, aliagiza miche kutoka Florida, kwa kuwa Mexico haikupenda kuona mali yake ikioteshwa kwingine. Kati ya miche elfu moja, iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba yote niliyoyaona utotoni kutoka dirisha la basi, mistari isiyo na mwisho kuanzia Mombo hadi Tanga, historia yake inaanzia kwenye hiyo 62.

Mkonge hauhitaji mvua nyingi, lakini unahitaji watu wengi. Jani hukatwa kwa mkono, miba yake ikichoma. Hufungwa mizigo, hupelekwa kiwandani, kwenye mashine ambayo kwetu huitwa korona, ikaparua nyama na kuacha nyuzi. Katika kilo mia za majani, nyuzi kavu ni kama kilo nne tu. Wenyeji wa bonde la Pangani walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miba. Basi watu wakatafutwa mbali: Songea, Njombe, Ufipa, Kigoma, hadi Rwanda na Burundi. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichowaleta kwa malori na treni. Waliandikwa namba, na kwa namba hizo wakapata jina: manamba. Walifanya kazi kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini. Hadi zijae zote ndipo mshahara ulipwe. Siku usiyomaliza sehemu yako haikuhesabiwa. Walter Rodney, aliyefundisha hapa Dar es Salaam, aliandika kitabu kuhusu manamba pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago. Hoja yao moja imenikaa: mikoa ile haikuwa na umaskini wa asili wa kuwafukuza vijana wake. Ilifanywa kuwa ghala la nguvukazi, kwa kodi iliyodaiwa kwa fedha na kwa kunyimwa njia nyingine ya kuipata.

Yote haya nilikuwa nimeyasoma. Nilikuwa hata nimeyaandikia mtihani. Lakini nilipokipindua kiti ili kung'oa mikanda, nikaona ndani ya fremu, kwenye mbao ya nyuma, tarakimu mbili zilizochomwa kwa chuma cha moto: 41.

Nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekifungua?"

"Nimekifungua. Kina namba kwa chini."

"Kila kitu cha shamba kilikuwa na namba. Meza, kitanda, jembe." Akacheka. "Basi nacho kilikuwa manamba, kama mwenyewe."

Nilinyamaza. Nikamuuliza anamaanisha nini kwa kusema kama mwenyewe.

"Babu yako. Alikuja na lori kutoka Songea, kijana hata ndevu hana. Mimi nilipomjua alikuwa na namba. Jina nilimuuliza baadaye."

"Baba anasema alikuwa karani."

"Alikuwa karani, ndiyo. Baada ya miaka tisa ya kukata. Alijisomesha kwa taa ya kibatari, wakampa kalamu ahesabu mizigo ya wenzake. Baba yako anaanza hadithi ukurasa wa pili."

Ni lazima nieleze kwa nini baba alifanya hivyo, maana hakuwa mwongo. Tanga ya utoto wake ilikuwa na ngazi, na manamba alikuwa chini kabisa. Watu walilitumia neno hilo kama tusi: mchafu, mshamba, mtu asiye na kwao. Mtoto wa manamba aliyetaka kuoa, kuongoza sala au kugombea ujumbe wa nyumba kumi alikuwa na sababu nzuri ya kuanzia ukurasa wa pili. Kwa hiyo katika familia yetu Songea ilifutika kimyakimya. Hatuna hata shangazi mmoja wa huko tunayemjua kwa jina.

Nikamuuliza bibi kuhusu kiti. Alisema meneja aliondoka baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilipochukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Vyombo vilitolewa barazani vikauzwa. Babu alikitaka kiti hicho na si kingine, kwa kuwa ndicho ambacho kila mwisho wa mwezi alisimama mbele yake na daftari la hesabu, kofia mkononi, akisubiri kuulizwa. Alikilipia kidogo kidogo kwa miezi minne. Kikaja kikiwa na matakia ya kizungu na springi.

"Na hii katani? Aliijaza yeye?"

"Nani, babu yako?" Safari hii alicheka hadi akakohoa. "Babu yako alijua kukaa. Mimi ndiye niliyekijaza."

Hapo ndipo nilipoweka nyundo chini nikakaa kwenye ngazi.

Bibi alifanya kazi chumba cha brashi. Katani ikishakauka kwenye waya, hupigwa brashi kwa mashine ili ing'ae, na nyuzi fupi hudondoka chini. Ni taka kwa msafirishaji, lakini ni kitu bora cha kujazia. Mwaka anaousema ni baada ya vita vya Kagera, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya themanini. Waliouishi wakati huo wanajua: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kitambaa kwa bahati. Mwaka 1983 ilikuja operesheni ya wahujumu uchumi, na watu waliogopa hata kuonekana na marobota ya khanga. Mkonge wenyewe ulikuwa umeanguka. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000, ya kwanza duniani. Kufikia miaka hiyo ya ukata zilikuwa chini ya 50,000, kwa kuwa dunia ilikuwa imeanza kufunga mizigo yake kwa kamba za plastiki, na mashamba yetu yalikuwa yamechoka. Matakia ya meneja yalikuwa yamechanika, springi zimetoboa nje, na babu alikuwa akikaa kwa upande mmoja kama mtu mwenye jipu.

"Nikasema, mwanamume huyu hawezi kuaibika mbele ya wageni." Kila Ijumaa alitoka chumba cha brashi na fungu la nyuzi ndani ya kikapu, msimamizi akiangalia pembeni. Alizifua, akazianika, akazichambua kwa kitana. Springi aliziuza kwa mhunzi. Mikanda alikata kutoka tyubu ya lori, akaisuka mmoja juu mmoja chini kama ukili. Juu akaweka gunia, kisha katani, akaishona kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Kitambaa hakikupatikana, akatoa khanga yake.

"Khanga ipi, bibi?"

"Aliyonipa siku ya harusi."

"Imeandikwaje? Maneno yameliwa na kutu."

"Muulize aliyeninunulia."

Hakuwahi kukikalia. Nilimuuliza kwa nini, akajibu kwamba alikuwa na mkeka wake.

Nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya mtu aliyesimama mbele ya kiti cha bwana hadi siku alipokaa mwenyewe. Ni hadithi nzuri, na ni ya kweli. Lakini imesimama juu ya mishono ya mtu mwingine, na mtu huyo hakutajwa katika simulizi yetu hata ukurasa wa pili. Kwenye vitabu nilivyosoma, wanawake wa mashamba huonekana mara chache, wakianika nyuzi nyuma ya picha. Picha hizo nimezipita mara nyingi bila kujiuliza waliporudi nyumbani walibeba nini kikapuni.

Kuanzia hapo niliacha kutengeneza kiti nikaanza kufuata maelekezo. Sponji yote niliitupa. Katani niliitoa kwa uangalifu, nikaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikaianika kivulini siku mbili, nikaichambua kwa mkono hadi ikasimama tena. Robo hivi ilikuwa imekatikakatika nikaiondoa. Tyubu za mwanzo zilikuwa zimekauka na kupasuka. Nilinunua tyubu ya lori iliyotumika kwa fundi pancha kwa elfu nne, nikakata mikanda ya inchi mbili. Siri ya mikanda ni kuivuta kabla ya kupiga msumari wa pili, kiasi kwamba ukiipiga kwa kidole inalia. Ikilegea, hakuna sponji ya kuiokoa. Gunia mawili, elfu tatu. Misumari midogo ya kichwa kipana, elfu tatu. Gundi ya mbao kwa maungio yaliyokuwa yakicheza, elfu tano. Sponji mpya ya inchi tatu, elfu kumi na nane, iliyokwenda nusu kwenye egemeo na nusu juu ya katani, maana nyuzi nilizobaki nazo hazikutosha. Kitambaa kigumu cha kijani, mita tatu kwa elfu tisa, elfu ishirini na saba. Jumla elfu sitini. Shazia niliazima kwa muuza mkaa.

Kitambaa huanziwa katikati. Msumari mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja kila upande, kisha unaelekea pembeni kidogo kidogo ukivuta. Pembe huachwa mwisho. Nilirudia pembe ya kulia mara tatu. Khanga niliirudisha mahali pake, chini ya kitambaa, maandishi yakiwa ndani vilevile.

Bibi alikuja Dar mwezi uliofuata kwa ajili ya macho yake. Baba alimleta kwangu Jumapili. Aliingia, akakipapasa kiti kabla ya kuketi, vidole vikipita kwenye mshono wa pembeni.

"Pembe hii umeivuta sana," alisema. "Itachanika hapa."

Ni ile ya kulia. Kisha akakaa. Alikaa dakika tano hivi, mikono juu ya mbao mbili, miguu haifiki chini vizuri. Akasema kiti ni kirefu mno, kwamba hakuelewa babu alikipendea nini, akaomba mkeka.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimemtumia rasimu ya makala hii wiki moja kabla, na hakuwa amejibu. Sikujua kama amekuja kunigombeza. Alikizunguka kiti, akakiinamisha kwa mkono mmoja, akachungulia chini.

"Arobaini na moja," alisoma.

"Hiyo ni ya kiti," bibi alisema kutoka mkekani.

Baba alikirudisha kiti taratibu. Akachuchumaa karibu na mama yake, akatoa kalamu na kile kijitabu chake cha namba za simu anachokataa kukiacha, akafungua ukurasa mtupu. "Na yake?" aliuliza.

Bibi anaikumbuka. Aliitaja tarakimu moja moja, polepole, kama mtu anayesomewa kipande, na baba akaandika.